Hodi ya Gari la Mjaka

Sokoni Chake Chake, mwaka wa nne wa vita vikuu vya pili, gari la abiria lilimkosakosa Hamdiya binti Marhoun. Gurudumu liliingia shimoni, chuma kikagonga chini, ngo! Hamdiya akaruka, ndimu zake zikamwagika.

"Gari gani hili la kupigia watu hodi?" alifoka. Buibui lilimteleza mabegani, kanga yake ya manjano ikaonekana.

"Linaomba kukaribishwa, bibie," dereva Mjaka alimjibu, akiziokota ndimu.

Hamdiya alitaka kununa, akacheka. Ndiyo yakawa mapenzi.

Tangu hapo, kila alasiri gari likishuka mteremko wa Machomane, injini imezimwa kubana petroli, Hamdiya alikaa nyuma ya dirisha la kwao lililofungwa akingoja ngo, na moyoni akaijibu: karibu. Lakini alikuwa akiogopa. Mipira inayozuia springi zisigonge chesisi, chuma cha chini ya gari, ilikuwa imelika yote, na springi ikikatika pale mteremkoni, dereva haponi.

"Tia mipira mipya, mpenzi. Kila likigonga, miye naona jeneza."

"Mipira iko wapi na vita hivi? Na gari likinyamaza, weye utanijuaje?"

"Sitaki masihara, Mjaka!"

Wakawekeana ahadi. Ijumaa Mjaka apite na mjomba wake kuleta posa. Hamdiya akisikia gari, na baba yake akiwa na uso mkunjufu, atatoa kanga ya manjano dirishani. Kuitundika kutwa asingeweza, wangemuuliza. Mjaka asipoiona, asishuke.

Alhamisi, kwa mapenzi tu, Mjaka alikwenda kwa fundi Nyange, akakatiwa vipande vya tairi kuukuu vikafungwa juu ya springi. Hakumwambia Hamdiya. Alitaka kumfurahisha, maskini.

Ijumaa Bwana Marhoun alikuwa akicheka barazani. Hamdiya alishika kanga mkononi, masikio barabarani, asisikie kitu. Gari lilipita kimya. Mjaka alitazama dirisha, tupu.

"Hawatutaki hawa," mjomba alisema. "Twende zetu."

Usiku ule Hamdiya alilia akiamini springi imekatika na Mjaka amekufa. Aliambiwa watu wa Wete wanakuja kesho kumposa, akazidi kulia.

Asubuhi Nyange alimwona Mjaka, akajisifu. "Jana umepita nyuma yangu Machomane, wallahi sikukusikia!"

Mjaka alishtuka: kumbe Hamdiya naye hakusikia. "Ing'oe, Mzee Nyange."

"Mwanangu, springi zina ufa. Mipira hiyo ndiyo iliyozishika."

"Nimesema ing'oe!"

Mjomba alikataa kupanda.

Watu wa Wete walikuwa wameshakaa barazani kahawa ilipomiminwa. Hamdiya, chumbani, akasikia ngo. Akasimama. Ngo! Mara ya tatu haikuwa hodi tena. Chuma kilikatika, kikafuata kishindo, kisha kimya.

Alitoka mbio bila buibui, kanga mkononi, akawapita wageni. Gari lilikuwa limelala mtaroni. Mjaka alikaa kando ya njia, damu zikimtoka kichwani.

"Jana ulikuwa wapi?" Hamdiya alilia.

"Nilipita."

"Ulipita bila hodi!"

"Leo nimepiga, Hamdiya. Gari sina tena."

Nyuma yao bakora ya Bwana Marhoun ilikuwa ikishuka ngazi za mawe, ngo, ngo. Hamdiya aliisikia vizuri. Hakugeuka. Mbele ya baba yake, watu wa Wete na mtaa mzima, alimfunga Mjaka kichwa kwa kanga ya manjano.

"Karibu," akamwambia.