Kumngoja Mdosi Getini

Ndululu ni fundi wa mbao Kawangware, Nairobi. Mkewe Syokau na watoto wako Kitui. Zamani, mchana, mafundi wote wa karakana walikula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kutoka sufuria moja, kila mtu na kijiko chake, kelele tupu. Sasa Ndululu anakula peke yake nyuma ya rundo la mbao. Anakohoa, amekonda, na wenzake wanaogopa. Hakuna aliyemfukuza. Wamemhama tu, na hilo linauma zaidi.

"Hospitali bila mtu utaangaliwa na nani?" fundi mwenzake, Mbuvi, alimwambia. "Tafuta yule mdosi wetu wa Kitui, anakaa Riruta. Akipiga simu moja tu, umepata kitanda."

Mdosi ni kigogo, mtu ambaye neno lake hufungua milango. Basi kila Jumapili Ndululu alivaa koti lake safi akaketi nje ya geti la kigogo huyo. Magari yaliingia, magari yalitoka.

"Mkubwa amelala," mlinzi alisema. Jumapili nyingine, "Mkubwa ametoka."

Jioni Syokau alipiga simu. "Niko poa," Ndululu alimdanganya. Kisha alifunga dirisha, akalia. Naam, mwanamume mzima alilia.

Jumapili moja alikohoa damu pale getini. Nelima, mhudumu wa afya ya jamii, alikuwa akitoka kanisani. Alisimama.

"Ndugu, unakohoa tangu lini?"

"Kitambo. Namngoja mdosi anisaidie kuingia hospitali."

"Mdosi wa nini? Kikohozi kikipita wiki mbili, unaenda kupimwa. Kliniki ya serikali wanapima kifua kikuu bure, na dawa ni bure. Hawakuulizi unajua nani."

"Hata mimi? Hapa hakuna mtu ananijua."

"Hata wewe. Kesho nakupeleka."

Kliniki walipima makohozi yake. Kilikuwa kifua kikuu.

"Dawa ni kila siku, miezi sita," Nelima alimweleza. "Ukisikia nafuu, usiache. Ukikohoa, funika mdomo. Na dirisha lako lifungue."

Kwa ruhusa ya Ndululu, Nelima alifika pia karakanani.

"Ugonjwa huu unapitia hewani, si kwa sahani," aliwaambia mafundi. "Mmemtenga na chakula, na madirisha mmefunga! Yafungueni. Halafu na nyinyi mkapimwe."

Walikwenda kupimwa, lakini woga hauishi kwa siku moja. Ndululu alimeza dawa zake na kuendelea kula nyuma ya mbao. Kikohozi kiliisha, mwili ukarudi. Alipomaliza dawa alipimwa tena, akaambiwa amepona.

Mchana ule alichukua sahani yake, akaelekea nyuma ya mbao kama alivyozoea.

"Wapi hiyo, Ndululu?" Mbuvi aliita, akisogea kwenye benchi. "Kijiko chako kiko hapa."

Ndululu alikichukua. Aliketi katikati yao, akala.

Jioni Syokau alipiga simu. "Niko poa," Ndululu alimwambia, na safari hii ilikuwa kweli.