Mkono Begani
Haya yalimfika rafiki yangu Delphine, hapahapa Likasi. Mchana mmoja wa mvua alikuwa sebuleni akikata na kupunguza picha za jamaa zake, zienee kwenye mti wa ukoo ndani ya kompyuta. Katika picha ya babu yake, nyuma alisimama mwanamke mmoja, mkono wake begani mwa babu.

"Mama, huyu ni nani?"

"Haiko wa kwetu. Umukate tu," mama yake akajibu, akaenda kujilaza chumbani.

Delphine akamkata. Papo hapo umeme ukazimika, nyumba ikawa giza, kompyuta ikabaki na betri yake. Mvua ikanyamaza juu ya mabati. Nyuma ya kiti chake zikapita nyayo, polepole, zikielekea koridoni. Akageuka, hakuona mtu.

Akafungua picha ya mama yake, waliyopiga juzi tu. Mkono uleule ulikuwa begani. Akaikata hadi bega lisionekane. Vidole vikatokea shingoni. Akakata tena, ukabaki uso mtupu. Mkono ukafunika shavu. Akaifuta picha, ikarudi.

Ndipo mama akaita kutoka chumbani:

"Delphine, toa mukono yako ku shavu yangu. Iko baridi."