Damu Iliyotangulia Mwenyewe

Jumanne, saa nne asubuhi, daktari wa wodi aliingia maabara bila kubisha hodi. Mkononi alikuwa na karatasi mbili.

"Mgonjwa mmoja, majibu mawili," alisema. "Nisomee."

Mkuu wa maabara, ambaye wafanyakazi humwita Bi Darubini akiwa hayupo, alivaa miwani. Mgonjwa alikuwa mwalimu wa hesabu, mjane, aliyeanza dawa ya sonona miezi miwili iliyopita. Dawa ilimsaidia sana. Lakini kwa watu wachache mno, dawa ile hupunguza seli nyeupe za damu, zile zinazopigana na vijidudu, ndiyo maana alipimwa kila Jumanne. Kawaida hazipungui 4,000. Wiki mbili nyuma zilikuwa zimeshuka hadi 2,600. Wiki jana zilipanda hadi 6,200. Leo zilikuwa 700. Mwalimu alikuwa wodini, akiwa na homa kali na vidonda mdomoni.

"Kama ningejua wiki jana, ningesimamisha dawa siku ileile," daktari alisema. "Mashine yako ina wazimu?"

"Mashine haina wazimu. Subiri."

Sampuli huhifadhiwa kwenye friji siku kumi. Aliitoa chupa ya wiki jana na kupima kundi la damu. Mwalimu ni kundi O. Damu ya kwenye chupa ilikuwa B.

Alianza na dereva wa pikipiki anayeleta boksi la sampuli kutoka kliniki. Siku ile alikuwa amechelewa nusu saa.

"Shikamoo mama. Pancha tu," dereva alijitetea, jasho likimtoka. "Boksi lina kufuli. Namba unayo wewe na nesi. Mimi nafungua mdomo tu, wala haunisaidii."

Alimwamini. Akageukia watu wake mwenyewe, maana nyumba husafishwa kuanzia ndani. Labda chupa mbili zilibadilishana lebo. Lakini kama ni hivyo, damu ya mwalimu ingekuwa na mgonjwa mwingine. Alipima chupa zote kumi na mbili za siku ile; nyingine zote zililingana na wenyewe. Damu ya mwalimu haikuwepo popote. Basi ile B ilikuwa ya mtu asiyekuwa kwenye orodha.

Ndipo alipoitazama lebo. Saa ya kutoa damu huchapwa na mashine yenyewe ya kliniki: saa mbili na dakika ishirini. Akapiga simu mapokezi. Mwalimu alisaini daftari saa tatu na dakika tano.

Damu ilikuwa imemtangulia mwenyewe kwa dakika arobaini na tano.

Saa nane mchana alikwenda kliniki na kufunga mlango wa chumba cha kutolea damu. Nesi alikuwa peke yake, akipanga pamba.

"Siku ile nani alichapa lebo?"

"Mimi, mama. Niko peke yangu Jumanne."

"Kwenye orodha ya wafanyakazi wanaojitolea kutoa damu, wewe ni kundi gani?"

Nesi aliacha pamba. Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa.

"B," alisema. "Mwalimu ni dada yangu, mama. Tumbo moja."

Bi Darubini hakulijua hilo. Alivuta kiti.

"Ulimtoa damu pia?"

"Nilimtoa, asishtuke. Nikaitupa, nikapeleka yangu. Tangu shemeji afariki, mwaka mzima dada hakufungua dirisha. Nilikuwa namlisha kwa kijiko, mtu aliyenifundisha kusoma! Dawa ikamrudisha. Siku moja nikamsikia bafuni anaimba. Halafu daktari akasema seli zikishuka tena anaisimamisha. Nikasema, wiki moja tu, labda zitapanda zenyewe."

"Dawa za sonona ziko nyingi, mwanangu. Ilikuwa abadilishiwe, asinyimwe."

"Sikuuliza."

"Hukuuliza."

"Atakufa?"

"Dawa ile imesimamishwa, ameanza ya maambukizi. Tusubiri." Alisimama. "Taarifa nitaiandika yote. Lakini dada yako atasikia kwako kwanza."

Nesi alisimamishwa kazi. Kwa siku tano seli hazikusogea. Siku ya sita zikawa 1,100. Ya kumi na mbili, 3,400. Daktari alimwanzishia mwalimu dawa nyingine ya sonona, kidogo kidogo, akionya kwamba itachukua wiki kadhaa kufanya kazi.

Nesi alikuwa amekiri kwa dada yake siku ileile aliyogunduliwa, na mwalimu akageukia ukutani. Hata hivyo nesi alirudi kila mchana. Alinawa hadi viwiko, akavaa barakoa, akakaa kwenye kona. Siku ya kumi na tatu mwalimu aligeuka.

"Ungeniuliza mimi," alisema. "Mwili ni wangu."

"Ndiyo, dada. Nisamehe."

Mwalimu alimtazama mashavu yaliyokonda, na nguo za nyumbani mahali pa sare ambayo hakuruhusiwa tena kuivaa.

"Umekula?"

"Bado."

"Sogeza kiti. Chakula hiki ni kingi, na hawakutia chumvi."