Maneno ya Kupimia Sauti

Lifti ya jengo la redio ilikuwa imekwama tena, na watu waliofurika ukumbini adhuhuri ile walisukumana kuelekea ngazi, wengine wakinung'unika, wengine wakicheka. Katikati ya msongamano huo alipanda daktari wa masikio, kijana mrefu mwenye suti ya kijivu, akikumbatia katoni ya nakala za kitabu alichokiandika mwenyewe. Katoni ikapasuka. Vitabu vikaporomoka, na mwanamke aliyekuwa nyuma yake, mwenye gauni la samawati na viatu vyake mkononi, akavizuia kwa mguu.

"Ndugu yangu, vitabu husomwa, havimwagwi," alisema, akiinama kumsaidia.

Daktari aliitambua sauti hiyo. Ilikuwa ya Bi Swali, kama wasikilizaji walivyomwita, mtangazaji aliyezungumza kila wiki na waandishi na wataalamu wa kila namna, tangu wafuga nyuki hadi wajenzi wa madaraja. Siku ile mgeni wake alikuwa yeye.

"Na viatu huvaliwa, havibebwi," akamjibu.

Wakapanda wakitaniana, na walipofika juu kila mmoja alikuwa akihema kwa sababu zaidi ya moja.

Studioni, fundi mitambo alimwomba mgeni aseme lolote, apate kupima sauti. Wageni wengi hapo hutaja majina ya siku, au husimulia walivyoamka. Daktari, ambaye macho ya mwanamke yule yalikuwa yamekwisha kumlegeza, alimsimulia mtangazaji habari za mama yake. Mama huyo alikuwa mwalimu mstaafu aliyeongoza kwaya ya kanisa kwa miaka mingi. Sasa hakuzisikia tena sauti za juu. Wanakwaya walikuwa wamebaini, wakawa wakikosea na kujirekebisha wenyewe, huku wakimwitikia kwa vichwa kana kwamba mambo ni shwari. Naye, mtabibu wa masikio, hakuwa amethubutu kumwambia. Baadaye taa nyekundu ya kurekodi ikawaka, wakazungumza juu ya kitabu.

Kwa daktari, maneno ya kupimia sauti yalikuwa kama kikohozi cha mtu anayejiandaa kuhutubia. Kwa mtangazaji, kila lisemwalo mbele ya kipaza sauti kilichowashwa lilikuwa mali ya kipindi. Hakuna aliyemwuliza mwenzake.

Mazungumzo hayo yaliwekwa akiba yakingoja zamu yake, na wakati huo mapenzi hayakungoja zamu yoyote. Simu zililia asubuhi na jioni.

"Daktari wa watu, sikio langu linaniuma."

"La kulia au la kushoto?"

"Lile unalolinong'onezea. Tangu jana halijapata dawa."

Zamu ilipofika, mtangazaji aliketi kukihariri kipindi. Aliona kwamba habari za kitabu zilikuwa kavu, bali yale maneno ya mwanzo yalikuwa na uhai na upendo wa mwana kwa mzazi. Akayatanguliza. Aliamini kwamba anampa mama yule heshima, na hakumwuliza daktari kwa kuwa alitaka kumfurahisha kwa ghafla. Hapo alikosa, na nia yake njema haikuupunguza uzito wa kosa.

Jumapili iliyofuata Mwalimu alipoinua mikono kuanzisha wimbo, wanakwaya waliinamisha macho. Mwanamke mmoja akaangua kilio, akamweleza mbele ya wote yaliyosikika redioni. Mwalimu akakusanya karatasi zake za nyimbo, akaenda nyumbani, akafunga mlango. Mwanawe alipobisha hakufunguliwa.

Daktari akampigia mtangazaji simu.

"Uliyatoa wapi maneno yale?"

"Uliyasema mwenyewe, mpenzi. Kipaza sauti kilikuwa wazi."

"Nilikuwa nakuambia wewe."

"Laazizi, mbele ya kipaza sauti siko peke yangu."

"Basi kaa nacho," akasema, akakata.

Tangu hapo hakupokea simu yake. Fundi mitambo alimshauri mtangazaji aache mambo yapoe. Hakumsikiliza. Akavaa gauni jeusi lisilo na pambo, akaenda hadi kwa Mwalimu, akabisha mpaka jirani akachungulia. Mlango ulipofunguliwa, Mwalimu alimketisha penye mwanga wa dirisha, akamkazia macho midomoni.

Mtangazaji alikiri yote bila kujitetea.

"Ulidhani sijui?" Mwalimu akauliza. "Mtu asijue masikio yake? Nilikuwa nawasoma midomo, binti. Nilikuwa nangoja mmoja wao anijie kwa adabu, nimkabidhi kwaya, niketi. Hawakuja. Waliniitikia kwa vichwa kama mtoto mchanga."

"Nisamehe, mama."

"Bado. Umenivua nguo hadharani. Lakini angalau wewe umekuja. Mwanangu hutazama masikio ya mji mzima, ya kwangu akayaogopa." Akaelekeza jikoni kwa kidole. "Chemsha chai. Nami nitampelekea ujumbe aje."

Daktari alipoingia na kumwona mpenzi wake akimimina chai ya mama yake, alisimama kizingitini asijue pa kuiweka hasira yake. Mwalimu akamwamuru aketi. Aliketi, akamgeukia mtangazaji.

"Nilikukasirikia kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kujikasirikia," alisema. "Niliiambia mashine jambo ambalo sikuweza kumwambia mama."

"Nami nilipaswa kukuuliza," akajibu. "Neno moja tu. Sikuuliza."

Mwalimu aliwatazama kwa zamu. Akasema kwamba kwaya hairudii tena, na asibembelezwe. Kesho yake angekwenda kliniki kwa mwanawe, akapange foleni kama wagonjwa wengine, na apimwe bila upendeleo. Alipoyasema hayo midomo yake ilitetemeka, na hakuna aliyejifanya hakuona.

Ndipo daktari, akitazama sakafu, akasema jambo kwa sauti ya chini. Mtangazaji akakishika kikombe kwa mikono miwili.

"Sikusikia," Mwalimu akasema. "Inua uso, unitazame."

Daktari akainua uso.

"Nimesema nataka kumwoa, mama. Kama atanikubali."

"Hilo la mwisho mwulize yeye," Mwalimu akamwambia. "Mwulize sasa hivi, mimi nikiwatazama."