Kinyozi Aliyeiitikia Redio

Redio ya Anatory ilisema asubuhi ile ilhali betri zake zilikuwa nje juu ya bati, zimeanikwa juani zipate nguvu kidogo.

Anatory alikuwa kinyozi pale Murongo, karibu na kizuizi cha mpakani, na asikudanganye mtu, hakuna kichwa cha maana kutoka hapo hadi Kimuli ambacho hakikupita chini ya mashine yake. Lakini kunyoa ilikuwa kazi ya mikono. Kazi ya mdomo wake ilikuwa vita. Huko Kongo, ng'ambo ya Uganda, ndege za majeshi ya kigeni zilikuwa zikiwapiga waasi, na kila mteja aliyekaa kitini alitaka kujua zitapiga wapi tena. Anatory alitabiri kwa uhakika wa mtu aliyekula sahani moja na majenerali. Hakuwahi kupatia. Akisema Ijumaa, ndege zinalala. Akisema wamechoka, zinaruka.

Walimcheka, naye akacheka nao, ila moyoni hakuwa anacheza. Mdogo wake Novath alikuwa huko huko, akizunguka na magunia ya dagaa soko hadi soko, na mara nyingi simu yake haikupatikana.

"Anatory," redio ikamwita, taratibu, kama jirani aliyesimama migombani.

Mikono yake ilikuwa imejaa povu. Aliitika bila kufikiri, kwa adabu aliyofundishwa na mama yake tangu hajaota meno ya pili.

"Waitu."

Harufu ya maziwa yaliyoungua ikajaa kibandani, harufu ambayo watu wa ng'ombe hawaipendi hata kidogo. Kisha ile sauti ikasema, "Kilima chenye mnara. Kesho mchana."

Anatory alidhani ni utani wa Jasson, yule wa bodaboda. Hata hivyo akawatangazia wateja, maana neno zuri halitupwi. Kesho yake jioni taarifa ya habari ikasema kilima chenye mnara kimepigwa.

"Kaka, nani anakwambia?" Jasson akamuuliza kwa sauti ya chini.

"Uchambuzi, mdogo wangu. Kuna watu tumezaliwa nao."

Akapatia tena. Daraja la miti. Shule iliyohamwa. Wakaanza kuja hata maofisa waliochomekea mashati, wenye vipara visivyo na cha kunyoa, wanakaa tu wasikie. Jasson alikuwa hamtanii tena. Anatory alivimba kama chapati, akaning'iniza redio juu ya kioo, mahali pa heshima.

Kioo ndicho kilichomharibia raha. Siku moja akitangaza bonde fulani, alijiona humo amekwisha kufumba midomo hali sauti bado inatoka. Nyumbani mkewe Sperancia akahamishia godoro lake kwa watoto.

"Baba Renatha," alimwambia, "unanuka maziwa yaliyoungua. Hata ng'ombe wanakukimbia."

Halafu malaria ikamlaza. Kabla hajaanguka, redio ilikuwa imemtajia kambi ya mtoni, lakini hakupata nguvu ya kumwambia mtu. Kambi ya mtoni haikuguswa. Alipopona, akamnong'oneza mteja mmoja jina la kambi hiyo, ajaribu tu, na kesho yake ikawaka moto. Hapo ndipo Anatory alipokaa kwenye kiti chake mwenyewe cha wateja, akaelewa kwamba ile sauti haikuwa ikitabiri kitu, ilikuwa ikitafuta mdomo wa kuagizia, na mdomo iliyoupata ulikuwa wake.

Akaifunga redio ndani ya gunia, akapanda pikipiki ya Jasson hadi Ndama, kwa Bi Kobugabe, mama wa wafugaji ambaye Jumapili hakosi kanisani na siku nyingine ana shughuli zake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kiache mlangoni hicho." Hakulifungua gunia. "Kilipokuita, uliitikaje?"

"Kama watu wote. Nilisema waitu."

Bi Kobugabe akaziba mdomo kwa khanga. "Waitu ni nini, mwanangu?"

"Si... heshima tu?"

"Ni 'wetu'. Mtu wa kwetu. Umekuta kitu hakina ukoo, ukakipa wako. Kitakwendaje sasa?"

Ilikuwa mchana, jua linawaka, ng'ombe wako malishoni. Akamkalisha karibu na moto wa samadi uliokuwa ukifuka moshi zizini, akamwambia alikane lile jambo kwa mdomo ule ule uliolikaribisha, kisha aitie redio motoni. Anatory akaitoa redio kwenye gunia. Ilikuwa ya moto kama kikaango.

"Anatory," ikanong'ona, "soko la dagaa. Kesho."

Akaiweka chini. Akatoa simu, akampigia Novath, akapiga tena na tena, simu haipatikani, na redio ikawa inazungumza polepole kwa ile sauti ya jirani wa migombani, ikisema safari hii haihitaji mdomo wake, imekwisha kujifunza, lakini Novath inaweza kumtoa sokoni salama, yeye tu, na haitaki malipo, inataka neno moja dogo ambalo alikwisha kulisema siku ile bila hata kuombwa, aliseme tena, basi.

"Usiitike," Bi Kobugabe akanong'ona. "Hata kwa kichwa."

Anatory akalia kama mtoto. Kisha akasema, "Wewe si wetu. Hukuzaliwa kwetu, huna kwetu." Akaiokota, akaitupa motoni. Haikupiga kelele. Ilikohoa mara moja, kama mgeni aliyeonyeshwa mlango, na harufu ile ikaondoka na moshi.

Kesho yake soko la dagaa lilipigwa.

Anatory alifunga kibanda, akakaa na msiba wake bila maiti. Watu walikuja kumpa pole na wakaondoka. Kisha mchana mmoja pikipiki ya Jasson ikasimama uani, na nyuma yake akashuka Novath, amekonda, nguo zimeungua pindoni, mzima. Sperancia akapiga vigelegele. Anatory akamkumbatia mdogo wake, asimwachie bega.

"Kaka, ni wewe uliyeniokoa," Novath alisema, akikaa, akipokea kikombe cha maziwa. "Nilikuwa katikati ya soko nikasikia umeniita nyuma ya mabanda. Sauti yako kabisa. Nikatoka kukufuata, na ndege zikaja nyuma yangu."

Anatory akamwachia bega taratibu. Ile harufu ilikuwa kwenye shati la Novath.

"Nilipokuita," akauliza, "uliitikaje?"

Novath akacheka. Akafumba midomo, na kicheko kikaendelea kidogo.

"Kaka naye. Ningeitikaje, ila kama mama alivyotufundisha?"