Ya Nini, Ya Nani

Jua lilikuwa linatua mdogo wangu aliponituma nikamchukulie ngozi. Yeye ndiye fundi wa ukoo wetu. Mimi niliishia darasa la nne, yeye hakufika hata hapo, lakini mikono yake ilikuwa na elimu ya kututosha sote wawili. Watu walimletea ngozi za kale: tandiko la farasi wa babu, mkoba uliotoka vitani, kiti kilichokaliwa na marehemu watatu. Akazigeuza pochi, mkanda, jalada la kitabu. Kipande cha namna hiyo ukikiharibu hupati kingine, ndiyo maana alikuwa na sharti lake.

"Dada, usisahau kumuuliza ni ya nini," akaniambia.

Maana kila ngozi ina mafuta yake na adabu yake. Ya mbuzi aliishika kwa mikono mitupu. Asiyoijua, alifunga vidole kwa kitambaa mpaka kazi iishe. Ndivyo alivyofundishwa, na aliyemfundisha hakusema kwa nini.

Mwenye ngozi alikuwa mwanamke aliyekaa mwisho wa mtaa, nyumba ya madirisha ya kijani. Tulimwita Kimya. Mama yake alikuwa hajaonekana miaka. Wengine walisema amekufa, wengine kasafiri, na muuza mkaa aliapa kwamba amemsikia akikohoa juzi. Mtaa mzima ulitamani kujua mle ndani mna nini, na mimi nilitamani kuushinda mtaa. Nikaenda na macho yangu yote mawili.

Alinifungulia kabla sijabisha.

Viti viwili. Kikombe kimoja. Na harufu ya sabuni… sabuni tu, nyumba nzima, kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Ngozi ilikuwa mezani ndani ya foronya. Laini, rangi ya chai ya maziwa. Nikaigusa. Ilikuwa vuguvugu. Nikajisemea ilianikwa juani.

Madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

"Mwanangu," nikasema, macho yangu yakiwa kwenye mlango wa chumba cha ndani, "hii ngozi ya nani?"

Wala sikujisikia nilivyokosea. Mdomo wa mmbea haujui nini, unajua nani.

Akaipapasa ile ngozi.

"Ya mama," akanong'ona.

Nikamsifu mama yake kwa kutunza vitu. Sasa wewe ungeelewaje? Kuna kiatu cha baba, sufuria ya shangazi, ngozi ya mama. Akasema anataka glavu, jozi moja, zikatwe kwa kipimo cha mkono wa fundi mwenyewe. Aliwahi kumwona sokoni akichagua nyanya, na mikono ile ilikuwa sawasawa na ya mama yake.

Nyumbani mdogo wangu akaniuliza: ya nini? Hapo ndipo nilipokumbuka. Miguu ilikuwa inaniuma, na kurudi kule nikaona haya.

"Mbuzi," nikasema.

Akaishika kwa mikono mitupu.

Siku ya kwanza alisema sindano haimchomi. Tukacheka, nikamwambia uzee umemwingilia kwa mlango wa nyuma. Siku ya pili aliipua sufuria bila kitambaa, akasimama nayo akinisimulia habari za jirani. Mimi ndiye niliyesikia harufu. Yeye alitazama viganja vyake kama vya mtu mwingine, akaendelea na habari.

Siku ya tatu akaniita. Katika kipande cha kifundo cha mkono palikuwa na kovu la mviringo, limebonyea, ukubwa wa kifungo cha shati. Akaupandisha mkono wa gauni langu polepole, akaiweka ile ngozi kando ya bega langu. Penye kovu langu la chanjo. Tulichanjwa siku moja, mimi na yeye, utotoni, tumepanga mstari mmoja.

"Dada. Ulimuuliza?"

"Hilo ni la kupe," nikasema. "Kupe humla mbuzi hivyohivyo."

"Mbuzi."

"Ndiyo. Mbuzi."

Nilitaka aache. Akasema imebaki mishono mitano, na kwamba vidole vinakwenda vyenyewe, yeye anavitazama tu. Akamaliza, akaenda kukaa jikoni. Nikazichukua zile glavu nizifunge. Nikabana kidole kidogo cha ile ya kulia, kuona kama mshono umekaza.

"Polepole, dada," akasema kule jikoni.

Ukuta ulikuwa kati yetu.

Kimya alikuja jioni iliyofuata. Hakuzijaribu. Aliilaza moja shavuni mwake, akatulia. Mdogo wangu alikuwa amesimama, mikono inaning'inia, akafumba macho. Mlangoni yule mwanamke akanisogelea, ile sabuni ikanijaa puani.

"Wote huniuliza ya nini, bibi," akasema. "Wewe peke yako uliuliza ya nani."

Mdogo wangu alisikia. Hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Asubuhi yake nyumba ya Kimya ilikuwa tupu. Muuza mkaa anasema lilikuja gari, wakapanda wanawake wawili, mmoja akimshika mwenzake mkono. Nilimuuliza mara tatu, naye mara tatu akasema wawili. Hospitali nilikompeleka mdogo wangu walisema ni mishipa ya fahamu, wakatupa vidonge. Vidonge vimekwisha.

Sasa mimi ndiye ninayemfunga vifungo na kumlisha. Mikono yake haijui moto, haijui baridi, haijui sindano. Mkasi wake uko palepale ukutani, umeshaanza kushika kutu. Nimemwambia kweli kuhusu mbuzi. Aliitikia kwa kichwa, akaomba maji.

Ila jua likitua hukaa akisikiliza viganja vyake. Kuna siku alisema anasikia maji ya vuguvugu. Nikamnusa mikono. Sabuni. Na sisi kwetu siku hiyo sabuni ilikuwa imetuishia.

Jana vidole vyake vilifumba… kimoja kimoja, taratibu, vikabaki vimefumba. Nikamuuliza ameshika nini.

Akanigeuzia macho.

"Uliza vizuri, dada."

Na mimi, nisiyelala na swali, sikuuliza.