Karatasi ya Mama Si ya Baba

Kila siku nikitoka shule nilivua sare, nikajifunga kitenge kuukuu, nikakaa kando ya bomba kuosha utumbo wa mbuzi. Baba yangu, Maneno, alikuwa na jiko la kuchomea nyama hapo Rwezamenyo, na sifa yake mjini Kigali ilikuwa zingalo, yaani utumbo unaozungushwa kwenye kijiti na kuchomwa mpaka ukauke. Niliugeuza ndani nje, nikaukwangua kwa kisu, nikausugua kwa chumvi na ndimu, nikausuuza mara nne. Wenzangu darasani waliziba pua wakanitania. Mimi nilicheka nao, kwa sababu utumbo haujawahi kunitia kinyaa. Uchafu wake unauona, na maji yanautoa. Mwaka ule wa 1992 walionitia kinyaa ni watu, na nianze na mimi mwenyewe.

Mama alikuwa na mimba ya miezi mitano. Jumatatu moja nilimsindikiza zahanati kuchukua majibu, kwani alikuwa amepimwa damu kuona kama ana virusi vya UKIMWI, ugonjwa ambao sisi Kigali tuliuita sida. Muuguzi aliyeitwa Vestine, mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu, alimpa karatasi. Mama hakuwa na virusi.

"Sasa papa Raihana iko wapi?" Vestine akauliza. Raihana ni mimi, na aliyemtaka ni baba. "Nilituma barua mbili. Anapashwa kuja yeye mwenyewe."

Mama aliinamisha kichwa. Mimi nikajibu kama baba alivyonifundisha asubuhi ile. "Amekwenda Gitarama kununua mbuzi."

Vestine aliandika kwenye daftari kwamba mume yuko safarini. Kisha akasema kwa upole, "Imana imulinde njiani." Niliposikia anamwombea Mungu mtu ambaye hakwenda popote, mate yaligeuka machungu kinywani mwangu. Baba alikuwa nyuma ya jiko lake wakati ule ule, akipepea makaa.

"Sikia, mama," Vestine akaendelea. "Hii karatasi inasema damu yako tu. Ya bwana haisemi. Yeye akiwa na virusi, anaweza kukupatia hata kesho, na hiyo mimba yako. Na wewe ukipata, mutoto naye anaweza kupata, tumboni, ao siku ya kuzaliwa, ao kwa maziwa. Ndiyo maana namutaka yeye."

Mama alimweleza baba maneno hayo yote tulipofika nyumbani. Baba hakuyasikiliza hata nusu. Aliichukua ile karatasi, akaisoma kwa kidole, akatabasamu mpaka masikioni. Karibu naye alikuwa amekaa Niyonzima, mchinjaji aliyekuwa akimletea nyama.

"Hongera, bwana," Niyonzima alisema. "Umepona. Bibi akiwa safi, bwana naye iko safi. Si munalala kitanda kimoja? Kutobolewa mukono ya nini tena?"

Baba aliikunja karatasi, akaitia katika mfuko wa shati lake. Tangu siku hiyo akawa anaitoa mbele ya wateja. "Nyumba yangu imepimwa," alisema, na karatasi yenye jina la mama ikapita mkono kwa mkono, katika vidole vya mafuta na pilipili. Wanaume wale, wengine wake zao walikuwa na mimba, walitikisa vichwa kwa kuridhika. Mmoja alisema naye atamtuma mkewe apime, kisha karatasi aiweke yeye. Niliwatazama watu wazima wenye ndevu wakijificha nyuma ya damu ya wake zao, huku wakilamba vidole, na wakanitia kinyaa.

"Nirudishie karatasi yangu," mama alimwambia baba.

"Ni ya nyumba nzima," baba akajibu. Mama akaendelea kushona nguo za mtoto, akitia sindano kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Nikamchukia baba. Nasema wazi, nilimchukia. Lakini kila nilipotaka kumlaumu nilikumbuka Gitarama, nikaona sina mdomo wa kumlaumu mtu.

Jumamosi iliyofuata Niyonzima alileta mbuzi wawili waliokwisha chunwa. Mmoja alikuwa na muhuri wa zambarau pajani, ule anaoupiga daktari wa mifugo akisha kuikagua nyama. Wa pili hakuwa nao.

"Na huyu?" baba akauliza.

"Huyu ni ndugu yake," Niyonzima akasema. "Wametoka zizi moja, wamekula majani mamoja. Yule akiwa muzima, huyu naye iko muzima. Daktari alikuwa na haraka."

Baba alichukua kisu, akalitoa ini la yule mbuzi wa pili, akalipasua juu ya ubao. Ute wa kahawia ukatoka, na ndani yake wakajikunjua minyoo bapa, wanene, kama majani yaliyolowa. Harufu ikanipanda puani. Baba alilitupa ini lile miguuni pa Niyonzima.

"Unataka nilishe watu hii?" alisema. Uso wake ulikuwa umekunjamana kwa kinyaa. "Ndugu yake, ndugu yake! Muhuri wa mbuzi mmoja unamhusu mbuzi mmoja. Hata wangezaliwa pacha, kila mmoja anafunguliwa, kila mmoja anatazamwa. Miaka kumi na mbili nachoma nyama hapa na hujui hilo? Toa uchafu huu mbele yangu."

Niyonzima aliondoka akinung'unika. Baba akaanza kuosha ubao, na bado alikuwa akitukana chini kwa chini. Mimi nilikuwa nimesimama na beseni la utumbo mikononi. Maneno yalikwisha kufika kooni.

"Baba, unisamehe. Na karatasi ya mama je?"

Aligeuka. Nilidhani atanizaba kofi.

"Karatasi ya mama inahusu nini hapa?"

"Unaionyesha watu kama muhuri wako. Na mimi nilimdanganya muuguzi kwa ajili yako. Alikuombea kwa Mungu, baba, na ulikuwa hapa hapa. Nimejichukia tangu siku ile. Sitasema uongo huo tena, hata ukinipiga."

Maji yalikuwa yakimwagika kutoka bombani na hakuna aliyeyafunga. Baba alikaa juu ya kreti ya soda. Nilimwona akitoa karatasi mfukoni, imelainika kwa mafuta, jina la mama halisomeki vizuri.

"Raihana," akasema, "naogopa." Hakuwa amewahi kusema neno hilo mbele yangu. "Nakwenda mbali kununua mbuzi. Nalala huko. Sikujitunza kama mume anavyopaswa kujitunza. Ndiyo maana naogopa ile sindano."

Nilielewa. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, sikuwa mtoto wa kudanganywa na peremende. Nikahisi kinyaa kile kile, na safari hii kilikuwa kikubwa zaidi. Nilitua beseni, nikaenda ndani kwa mama.

Jumatatu baba alifunga jiko. Alimrudishia mama karatasi yake kwa mikono miwili, wakaenda zahanati pamoja. Nilikwenda nao, nikamwomba Vestine msamaha kwa uongo wangu. Alinishika kichwa tu, akalifuta lile neno katika daftari. Baba alitolewa damu, akaambiwa arudi baada ya wiki mbili, na katika wiki hizo alipoteza hamu ya kula.

Baba alikuwa na virusi.

Mama alilia siku mbili, kisha akaacha. Vestine aliwaita wote wawili, akawafundisha kutumia kondomu kila mara bila kukosa, na namna baba atakavyotunza afya yake. Alimpima mama tena baada ya miezi mitatu, wiki chache kabla ya kujifungua. Mama alikuwa salama. Mtoto akazaliwa wa kike, mwenye sauti kali, wakamwita Uwamahoro. Alinyonya bila hofu.

Mimi bado sikuweza kumtazama baba usoni. Nilimpa chakula, nikageuka. Mama aliliona hilo. Siku moja, akimnyonyesha mtoto, aliniita nikae karibu naye.

"Unamwonea baba yako kinyaa," alisema.

"Ndiyo, mama. Wewe humwonei?"

"Mimi ndiye niliyekosewa, na hasira ninayo. Hiyo niachie mimi. Lakini ugonjwa wenyewe si wa kuonewa kinyaa. Cha kuonewa kinyaa ni kule kujificha. Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mwanamume mwenye mke mjamzito akificha, kifo hakimfuati yeye peke yake." Alimhamisha mtoto titi la pili. "Kila baba anayesubiri mtoto na aende mwenyewe, na mkono wake mwenyewe, akapimwe. Akiwa mzima, ashukuru na ajitunze. Akiwa mgonjwa, bado ana nafasi ya kuwalinda wengine. Baba yako alichelewa kuwa mkweli, ila hakuchelewa kwetu. Angengoja mpaka huyu azaliwe, pengine wenye virusi tungekuwa watatu."

Nilimtazama Uwamahoro. Alikuwa amefumba macho, ananyonya kwa pupa, jasho likimtoka puani.

Mlangoni baba alikuwa akivua viatu. Nilisimama, nikamletea maji ya kunawa, na alipoinua uso kunishukuru, sikugeuka.